Kitambi Kilikuwa Heshima, Fegi Ilikuwa Ujanja

Fungua video yoyote ya dada mnene akidensi, kisha ushuke kwa komenti. Hutaenda mbali. Kuna mwenye atauliza kama sakafu iko salama. Kuna daktari wa mtandao, hana digrii wala bendeji, atasema presha inamngoja. Kuna mwenye ataandika tu jina la mnyama na kuenda zake. Toka hapo uende kwa picha ya msichana ameshika fegi. Huko hata mapafu hawayataji. Wanauliza amelelewa na nani.

Kinachonichekesha ni kwamba wote wanadai wanaongea juu ya afya. Sawa. Lakini ukirudi nyuma kidogo kwa historia yetu wenyewe, utapata mwili unaotukanwa leo ulisalimiwa kwa heshima juzi, na ule unaosifiwa leo ulikuwa unakimbiwa. Tafsiri imebadilika mara mbili tatu. Kitu hakijawahi kubadilika ni ile tabia yetu ya kumwangalia mtu na kusoma roho yake kwa mwili wake, kama vile unasoma kibao cha matatu kujua inaenda wapi.

Tuanze na hilo neno lenyewe, afya. Muulize mtu mzima wa Kiswahili maana ya "huyu ana afya". Hasemi umepimwa damu ikatoka safi. Anasema wewe ni mnene. "Umenawiri" ni hivyo hivyo. "Ndoa imekukubali" ni hivyo hivyo. Na "umekonda" haijawahi kuwa sifa kwa hii lugha. Ukiambiwa umekonda, swali linalofuata ni nani anakusumbua. Yaani Kiswahili chenyewe kiliandikwa na watu wenye kumbukumbu ya njaa.

Na njaa ilikuwepo kweli. Huku Kenya ya kati na Bonde la Ufa, wazee walihesabu miaka kwa njaa. Kuna ile ya 1898 hadi 1900 ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya, juu ilikuja wakati mmoja na wazungu na reli. Kuna ya 1943, ya mianga, yaani mihogo. Kuna ukame wa 1984, mwenye wazazi wetu wanaukumbuka kwa mahindi ya manjano. Mtu akitoka kwa miaka kama hiyo na mashavu yamejaa, hakuna haja ya kuuliza maswali. Ana ng'ombe, ana shamba, ana watu. Mwili ulikuwa akaunti ya benki yenye kila mtu anaiona.

Kuna mahali ilikuwa zaidi ya hapo. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe, huko kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo. Mfalme alikuwa Rumanika. Wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa hadi wanenepe kabisa, na kwao huo ndio ulikuwa urembo. Speke aliona binti wa miaka 16 anafyonza chungu cha maziwa huku baba yake ameshika fimbo, asije akaacha. Halafu akafanya kitu kimoja cha ajabu: akaomba kumpima shemeji ya mfalme kwa kipimo. Mkono sentimita kama 58 kuzunguka, kifua kama 132. Mama mwenyewe hakukubali bure. Ilibidi Speke naye afunue mikono na miguu yake aangaliwe. Mimi hiyo sehemu huipenda sana. Kwa dakika chache kila mmoja wao alikuwa kituko cha mwenzake.

Lakini kitabu kilichapishwa na mmoja tu, mwaka 1863, na wasomaji wa London wakacheka upande mmoja.

Sisemi Karagwe ilikuwa paradiso ya wanene. Binti aliyesimamiwa na fimbo hakuulizwa anataka nini. Mwembamba wa huko labda alidharauliwa vile mnene anadharauliwa kwa simu yako. Hiyo ndiyo hoja yangu: kiboko kilikuwepo, kilielekezwa upande mwingine tu.

Baada ya uhuru tukapata wabenzi, na kitambi kikawa sehemu ya suti. Chifu alikuwa nacho, mbunge alikuwa nacho, mwenye kiwanda alikuwa nacho. Hadi leo kuna watu wanakiita "public opinion", maoni ya umma, kwa utani wenye heshima ndani yake. Mtu mwembamba akigombea kiti, watu walisema huyu hajashiba, akiingia ataanza na tumbo lake.

Sasa ikaja miaka ya themanini.

Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje waliandika kwenye jarida la Lancet juu ya ugonjwa ambao watu wa huko, upande wa Rakai na Masaka, walikuwa tayari wameupa jina: Slim. Mgonjwa alikuwa anakonda hadi anaisha. Ilikuwa Ukimwi. Ona jina lenyewe. Neno lenye leo linauza chai ya kupunguza tumbo, linauza kozi za mazoezi, linaandikwa kwa pakiti kwa maandishi ya dhahabu, lilikuwa jina la kifo kilomita mia chache kutoka hapa. Na Naivasha iko kwa ile barabara kuu ya malori kutoka Mombasa kwenda Uganda. Malori yalilala hapa. Mashamba ya maua yalileta maelfu ya vijana kutoka Magharibi, Nyanza, Kisii, Ukambani, wakiishi vyumba vya mabati mbali na watu wao. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Wakati huo, kukonda mtaani kwetu ilikuwa kesi.

Mama yangu alifika Naivasha mwaka huo huo kuchuma maua. Miaka miwili baadaye akaugua taifodi, mbaya, ya kulazwa. Aliporudi kwa ploti nguo zilikuwa zinamwelea. Hakuna mtu alimwambia kitu. Ananiambia hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kimya. Kikombe chake kikaanza kuwekwa kando. Beseni ya kufulia yenye walikuwa wanagawana na jirani, jirani akanunua yake. Mtoto wa jirani akikimbia kuja kwake, anaitwa.

Basi akafanya kile wengi walifanya. Alikula. Alikula kama mtu anayemeza dawa: maziwa, chapati, mafuta juu ya kila kitu, uji saa nne usiku hata kama hana njaa. Hakuwa anatafuta urembo. Alikuwa anatafuta ushahidi. Kwa miezi kadhaa alijenga mwili wa kuonyesha watu kwamba hana mdudu, na ilifanya kazi. Mashavu yalipojaa, kikombe kikarudi kwa rafu.

Na hata huo ushahidi haukuwa salama kwa kila mtu. Dawa za kwanza za kupunguza makali ya virusi zilikuwa na moja inaitwa stavudini, yenye ilikuwa inahamisha mafuta mwilini: mashavu yanabonyea, tumbo linatoka. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache mwaka 2009. Kabla ya hapo, watu walikuwa wamejifunza kusoma hiyo pia. Mtu ameokolewa na dawa, amerudi kazini, analea watoto, halafu anasemwa kwa mashavu yake. Ati "huyo ako kwa dawa". Mbona asiwe kwa dawa?

Mama sasa ana miaka hamsini na kitu, na bado ni mnene. Wanawake wale wale wa ploti, wengine wao marafiki wa kweli, siku hizi wanamwambia ajikaze, atembee, aache chapati. Wanasema mwili mkubwa ni uvivu. Mwanamke mmoja, chini ya miaka ishirini na tano, amehukumiwa kwa kukonda na akahukumiwa kwa kunenepa, na mara zote mbili waliomhukumu walisema wanajali afya yake.

Ndio nikaenda kusoma wanasaikolojia wanasema nini.

Mwaka 1961 watafiti Marekani walichukua watoto wa miaka 10 na 11, wakawaonyesha michoro sita ya watoto: mmoja mzima, mmoja na magongo, mmoja kwa kiti cha magurudumu, mmoja amekatika mkono, mmoja na alama usoni, mmoja mnene. Panga kuanzia unayempenda zaidi. Yule mnene aliwekwa mwisho. Mwaka 2003 jaribio likarudiwa, na akachukiwa zaidi, ingawa sasa watoto wanene walikuwa wengi kuliko zamani. Hiyo inaua ile hoja ya kwamba watu wakizoea kuona kitu wataacha kukidharau.

Kwa nini yeye, na si wale wengine watano? Bernard Weiner na wenzake walitoa jibu mwaka 1988. Walipa watu orodha ya hali kumi zenye aibu na kuuliza: hii mtu amejiletea au imemkuta? Upofu, saratani, kupooza: imemkuta. Hapo watu walikuwa na huruma na wako tayari kusaidia. Uraibu wa dawa za kulevya, Ukimwi, unene: amejiletea. Hapo huruma iliisha na hasira ikaingia. Unajua nani mwingine alikuwa kwa hilo kundi la pili? Mtu anayedhulumu watoto. Akilini mwa watu, mnene aliketi benchi moja na huyo.

Na kuna utafiti mwingine wa William DeJong, 1980, wa wasichana wa umri wa sekondari. Walionyeshwa picha ya msichana mnene na maelezo yake mafupi. Alidharauliwa, kama kawaida. Lakini maelezo yakisema ana shida ya tezi, dharau ilipungua. Msichana ni yule yule, picha ni ile ile. Alichohitaji ni cheti cha daktari kumruhusu kuwa na mwili wake.

Sasa hesabu kidogo ya hapa nyumbani. Utafiti wa afya wa taifa wa 2014 ulipata asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito kupita kiasi. Mjini zaidi kuliko mashambani. Kama ni uvivu, tunasema mwanamke mmoja kati ya watatu aliamka akiwa mvivu, na wavivu wengi wakahamia mjini? Angalia badala yake kile kinauzwa stendi saa mbili usiku, wakati watu wanatoka kazini. Chipsi, smokie, mutura, mandazi, soda. Sukuma iko, lakini inataka jiko, makaa na saa nzima, na kesho basi la shamba linakuja kabla ya jua. Mimi nakula hizo chipsi pia. Tofauti yangu na jirani yangu mnene si maadili. Mimi nimerithi miguu ya baba yangu, basi.

Twende kwa fegi, na hapa historia ni chafu zaidi.

Tumbaku si mgeni hapa. Wazee wa jamii nyingi za Kenya walikuwa na ugoro, na hadi sasa kuna nyanya anaingia kanisani na kopo lake kwa leso na pasta anamsalimia kwa mikono miwili. Shosho yangu mwenyewe anapiga chafya mara tatu kisha anaendelea na hadithi. Hakuna mtu ameuliza shosho amelelewa na nani.

Dhambi ya tumbaku, kwa sehemu kubwa, ilipanda mlima na wamisheni. Africa Inland Mission walijenga kituo chao Kijabe mwaka 1903, hapo juu tu ya bonde letu, na kwao Mkristo wa kweli aliacha pombe na tumbaku. Miaka ya thelathini Uamsho wa Afrika Mashariki ukatoka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya, na aliyeokoka alijulikana kwa kile ameacha. Kwa hivyo kabla hata sayansi haijasema neno juu ya mapafu, moshi ulikuwa tayari kipimo cha wokovu. Hiyo sauti ndiyo unasikia mpaka leo mtu akimwangalia mvutaji. Ni ya kanisani, imevaa koti la daktari.

Wakati huo huo, serikali na biashara zilikuwa zinasukuma upande mwingine. Askari wa KAR kwenye Vita vya Pili vya Dunia waligawiwa sigara. Baada ya hapo sigara ya kiwandani ikawa alama ya mtu wa mjini, mwenye mshahara, aliyetoka nje akaona dunia. Ugoro ulikuwa wa mzee, fegi ilikuwa ya mjanja. Halafu ikaja michezo. Wewe mwenye unapenda WRC ikija hapa Naivasha tangu 2021, angalia picha za zamani za Safari Rally. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel yenye rangi za Rothmans. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na ile Subaru ya buluu yenye 555 kubwa ya manjano. Wengi wetu tuna hiyo 555 kama stika na hatujui ni nini. Ni sigara. Gari la kuvutia kuliko yote kwa historia ya hii mashindano lilikuwa pakiti ya sigara yenye magurudumu manne, na lilipita mbele ya kila mtoto aliyesimama kando ya barabara akipunga mkono.

Na waliouza walijua. Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ilisema wazi Januari 1964 kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu. Lakini mwaka mmoja kabla, 1963, mwanasheria wa kampuni ya Brown & Williamson, tawi la BAT huko Marekani, alikuwa ameandika kwa karatasi za ndani kwamba nikotini inaleta uraibu na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini. Karatasi hizo zilivuja mwaka 1994. Katikati hapo kuna miaka thelathini ambapo kampuni ilijua mteja hawezi kuacha kirahisi, na hadharani ikasema ni chaguo lake.

Chaguo lake. Rudi kwa benchi la Weiner uone hilo neno linafanya kazi gani. Ukishakubali kwamba mvutaji alichagua, hasira yote inamwendea yeye, na aliyepaka gari rangi anaenda nyumbani.

Nataka nieleweke. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, mimi naiunga mkono. Kuvuta mahali pa umma ni faini hadi shilingi 50,000 au miezi sita jela, na sawa, moshi wako usiingie kwa kifua cha mtoto wa mtu. Kuna watu wananiambia ukitetea wavutaji unatetea sigara. Hapana. Kumwambia mtu "toka nje na hiyo" na kumwambia "wewe ni takataka" ni sentensi mbili tofauti, na ni ya kwanza tu iko kwa sheria.

Na dharau yenyewe haipimi madhara, jameni. Utafiti wa taifa wa 2014 ulipata wanawake asilimia 4.5 wanatumia tumbaku, lakini wanaovuta ni asilimia 0.8 tu. Wengine wote wako kwa ugoro na ya kutafuna. Mmea ni mmoja, nikotini ni moja. Mwanamke wa ugoro ni shosho. Mwanamke wa fegi ni malaya. Wanaume wanaovuta walikuwa asilimia 15.1, na mwanamume akivuta huitwa, vibaya zaidi, mlevi. Kwa mvulana tunauliza kama atapata ugonjwa, kwa msichana tunauliza kama atapata bwana. Halafu nenda kwa sherehe ya wale wale wanaocheka wavutaji uone wangapi wana kifuko cha nikotini chini ya mdomo, au kile kidude cha mvuke chenye harufu ya embe. Hakina harufu mbaya, hakionekani kwa picha, kwa hivyo hakuna dhambi.

Mtu atasema: lakini aibu si inasaidia watu kuacha? Swali zuri. Mwaka 2013 Sutin na Terracciano walichapisha utafiti wa Wamarekani zaidi ya 6,000 waliofuatwa kwa miaka minne. Wale hawakuwa wanene sana mwanzoni lakini walikuwa wamebaguliwa kwa uzito wao, uwezekano wao wa kuwa wanene sana baadaye ulikuwa mara mbili na nusu ya wenzao. Mama yangu hangehitaji huo utafiti. Kuna zahanati, siitaji jina, alienda na goti likiuma, akaambiwa apunguze mwili. Akaenda na kichwa, apunguze mwili. Akaenda na sikio. Sikio! Baada ya hapo akaacha kuenda, na presha yake ilikuja kugunduliwa kwa bahati kwa hema la wafanyakazi wa afya waliokuja sokoni kupima watu bure.

Sasa hii sehemu ni ya watu wa Kihoto hasa. Mnakumbuka ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2025, watu wakitolewa kwa nyumba zao na mashua, makochi yanaelea? Mnakumbuka pia komenti. "Nani aliwatuma kujenga kwa ziwa?" "Si walijua?" Watu wenye hawajawahi kukanyaga hapa, hawajui nani aliuza ploti, nani alipitisha ramani, nani alikuwa mpangaji tu wa chumba kimoja. Walihitaji dakika moja kujua ni makosa yetu.

Kuna jina la hiyo kitu. Melvin Lerner na Carolyn Simmons, 1966, waliketisha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu watazame mwenzao akipigwa shoti za umeme kila akikosea jibu. Yalikuwa maigizo, lakini hawakujua. Walipopewa nafasi ya kumtoa pale, wengi walimtoa na wakamwona mtu wa kawaida. Wale walioambiwa mateso yataendelea na hawana la kufanya walianza kumponda: si mtu wa kupendeza, ana kasoro. Ni ngumu kuangalia mtu anaumia bure. Ukijishawishi kwamba anastahili, unalala. Na wewe mwenyewe, kwa kuwa hustahili, uko salama.

Nilielewa hayo vizuri zaidi kwa matanga ya anko wangu. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kucheka na watu wote, na alikuwa anavuta. Kikohozi kilipoanza kubadilika alikaa nacho karibu mwaka mzima. Mara ya kwanza alipoenda kuangaliwa, mhudumu alinusa koti lake akamuuliza alikuwa anatarajia nini. Alirudi nyumbani akanunua dawa ya kikohozi dukani. Aliporudi hospitali, nyingine, saratani ilikuwa imeshatoka kwa mapafu.

Watu walikuja wengi. Na karibu kila mmoja, baada ya kusalimia mjane na kushika chai, aliinama kwa jirani yake akauliza swali moja: "Kwani alikuwa anavuta?" Akiambiwa ndiyo, unaona mabega yanashuka. Anaanza kunywa chai.

Alikuwa anavuta, ndiyo. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, akiuza mayai ya kuchemsha kando ya barabara siku za rally.